Raheli Alifia Njiani

Neno kuu: Mwanzo 35:16-20. Soma pia Mwanzo 48:7 na Luka 10:30-35.
Ujumbe wa Jumapili asubuhi, kusanyiko la Ruiru. Ulirudiwa jioni katika kusanyiko la Thika.

 

Wapendwa, leo naomba mnivumilie. Kuna neno nimelibeba tangu mwaka wa 2016, na kila nikitaka kulihubiri nalirudisha mfukoni. Wiki hii Roho Mtakatifu amenikatalia. Kwa hivyo fungua Biblia yako, Mwanzo sura ya 35. Kama hukubeba Biblia, chungulia ya jirani, lakini usichungulie simu yake.

Yakobo yuko safarini na jamaa yake yote. Wametoka Betheli. Na tusipite Betheli haraka. Mwanzoni mwa sura hii Yakobo anawaambia watu wake waondoe miungu ya kigeni, wajitakase, wabadilishe nguo. Mstari wa 7, anajenga madhabahu. Mstari wa 9, Mungu anamtokea na kumbariki. Jina la Israeli linathibitishwa, anaahidiwa kwamba wafalme watatoka katika uzao wake. Kwa lugha yetu sisi, hawa watu wametoka kwenye kesha la nguvu. Bado uso unang'aa. Bado sauti imekauka kwa kuimba.

Na ni katika safari hiyo hiyo, baada ya madhabahu, Raheli anashikwa na uchungu, na uchungu unakuwa mzito.

Sasa Raheli si mtu wa kando. Huyu ndiye Yakobo alimfanyia Labani kazi miaka saba, akapewa dada yake, akafanya miaka mingine saba. Huyu ndiye alilia miaka mingi kwa kukosa mtoto, hadi akamwambia mumewe kwamba bila watoto yeye ni mtu wa kufa. Sura ya 30 inasema Mungu alimkumbuka, akampata Yusufu. Na Yusufu alipozaliwa, mama yake alimwomba Mungu amwongeze mwingine. Kwa hivyo hii mimba tunayoisoma leo ilikuwa jibu la maombi. Andika hapo pembeni: jibu la maombi.

Haya, hesabu pamoja nami. Maombi yalikuwapo? Yalikuwapo. Mume alikuwapo? Alikuwapo. Mkunga alikuwapo? Alikuwapo, tena mkunga mzuri, anamtia moyo asiogope, anamwambia huyu naye ni mvulana. Mali ilikuwapo? Sana. Sura ya 32 inatuonyesha Yakobo akimpelekea Esau zawadi ya mamia ya mifugo, ngamia wakiwemo.

Ni nini basi kilikosekana? Biblia inakitaja kwenye mstari wa 16, na wengi wetu tunakiruka tukikimbilia jina la mtoto. Efrathi ilikuwa bado. Haikuwa mbali sana, lakini walikuwa hawajafika. Raheli akafia hapo kati. Mwanawe akamwita Benoni, jina la uchungu. Baba akambadilishia, akamwita Benyamini. Na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi la mkewe, kando ya barabara.

Geuza sasa hadi sura ya 48. Miaka mingi imepita. Yakobo ni mzee, yuko Misri, macho hayaoni vizuri, Yusufu ameketi mbele yake na watoto wawili wa kubarikiwa. Na katikati ya mambo ya baraka na urithi, mzee anaanza kuongea habari ya barabara ile. Anamwambia Yusufu jinsi Raheli alivyokufa akiwa naye, njiani, wakati Efrathi ilikuwa imebaki mwendo kidogo. Mwanamume amesahau mambo mangapi uzeeni? Lakini hajasahau ule mwendo uliobaki.

Biblia haimlaumu Yakobo, na mimi simlaumu. Hakukuwa na hospitali Efrathi. Lakini nikisoma mstari huo, mimi siwezi kusema hivyo juu yangu mwenyewe. Nisikilizeni.

GARI LILIKUWA NJE

Aprili 2016, mvua ndefu. Wakati huo nilikuwa nachunga kanisa dogo upande wa Kilimambogo. Unatoka Thika, unafuata Barabara ya Garissa, halafu unaacha lami na kuingia ndani kwenye mashamba. Saa tano usiku simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa kanisa letu ambaye sote tulimwita Shosho. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua nyumbani, mtoto wa kiume, mtoto mzima, analia vizuri. Lakini mama damu haikatiki.

Nilienda na gari langu. Lilikuwa Probox ya zamani, lakini lilikuwa na mafuta, maana nilikuwa nimejaza jioni ile ile Thika. Nikaliegesha mlangoni kabisa.

Ndani nilikuta akina mama wanne, taa ya koroboi, na mashuka ambayo sitayaeleza. Mmoja wao akaniambia, "Pasta, tumpeleke." Mimi nikasema, "Tuombe kwanza."

Nataka mnisikie vizuri hapa, ili mtu asiende akasema Pasta amepinga maombi. Kuomba kwanza si dhambi. Ombi la dakika mbili, huku mwingine anawasha gari, hilo ni ombi. Ombi njia nzima, huku unashika usukani na unalia kwa Mungu, hilo ni ombi. Mimi niliomba dakika arobaini gari likiwa limezimwa. Nilikemea. Nilifunga na kufungua. Nilinena kwa lugha. Nilipaka mafuta. Watu waliitikia Amina hadi majirani wakaja. Na kila nilipofungua jicho niliona midomo ya yule dada imezidi kuwa myeupe, nami nikaongeza sauti.

Nilipomaliza, wazee wa boma wakasema tungoje mume aseme. Mume alikuwa kazi ya usiku huku Ruiru, na simu yake haipatikani. Tukasimama pale uani tukijadiliana. Wapendwa, mimi nilikuwa Pasta. Nilikuwa na neno moja ambalo lingemaliza ule mjadala. Sikulisema, kwa sababu niliogopa tukimpeleka hospitali itaonekana maombi yangu hayakujibiwa.

Tuliondoka karibu saa saba. Ule udongo mweusi wa huko wakati wa mvua, mnaujua. Gari likakwama mara mbili, vijana wakashuka kusukuma. Tukafika kwenye lami. Tukaanza kuona taa za mji wa Thika. Hapo ndipo Shosho, aliyekuwa amemkumbatia nyuma, aliniambia polepole, "Pasta, sasa usikimbize tena."

Wiki mbili baada ya mazishi nilienda kumtembelea. Alikuwa na yule mtoto mgongoni. Akanimiminia chai, akaketi, akaniuliza, "Pasta, siku ile gari lako lilikuwa wapi?"

Nikasema, "Shosho, si lilikuwa hapo nje."

Akasema, "Eeh. Hata mimi nililiona." Kisha akaniongeza chai.

Nimeenda chuo cha Biblia. Nimesikia wahubiri wakubwa kwenye mikutano. Sijawahi kuhubiriwa kama siku hiyo. Mwaka huu nilirudi kwake nikamwomba ruhusa nisimulie habari hii. Akasema, "Simulia. Lakini usimalizie kwa kulia. Waambie wafanye nini." Basi najaribu kumtii.

MAMBO MATATU YANAYOCHELEWESHA

Baadaye nilitafuta kujua. Mhudumu mmoja wa afya alinieleza kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hata kama alikuwa na afya nzuri asubuhi, anaweza kufariki ndani ya saa mbili hivi. Saa mbili! Sisi tulikuwa tumetumia karibu zote hapo uani. Mara nyingi shida ni kwamba mji wa mimba haujikazi. Kuna sindano ya kuukaza, inaitwa oksitosini. Kuna damu ya kuongezwa. Kuna upasuaji ikibidi. Hivyo vyote viko, lakini viko upande ule mwingine wa barabara.

Na hii si habari ya familia moja. Sensa ya Kenya ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai, akina mama 355 hufariki kwa sababu ya mimba au uzazi. Watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika mwaka wa 1994 kwamba vifo hivi hupitia milango mitatu ya kuchelewa. Kwanza, kuchelewa kuamua. Pili, kuchelewa kufika. Tatu, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Niliposoma hayo nikaona ule usiku wetu wote umepangwa kwa mstari.

Halafu nikafungua Luka 10, ile habari ya Msamaria, nikashangaa. Nimeihubiri mara ngapi? Lakini sikuwa nimeona. Angalia yule Msamaria anafanya nini.

Kwanza, anaona, anahurumiwa ndani, na anakaribia. Hangoji kikao. Hatafuti jamaa wa yule mtu wampe ruhusa. Ameamua.

Pili, anamfunga majeraha, anatia mafuta na divai, kisha anampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Hiyo ndiyo ambulensi ya kwanza ninayoijua katika Agano Jipya. Na ujue, aliyekuwa amepanda sasa anatembea kwa miguu. Usafiri wa mgonjwa una mtu aliyeshuka ili mwingine apande.

Tatu, anamfikisha nyumba ya wageni, analipa dinari mbili, anamwambia mwenye nyumba ikizidi atalipa akirudi. Hamwachi mlangoni. Anahakikisha amehudumiwa.

Kuamua, kufika, kuhudumiwa. Yesu alifundisha yote matatu katika mistari mitatu.

Na wale wengine wawili, kuhani na Mlawi, walipita upande mwingine. Zamani nilikuwa nawalaumu sana. Siku hizi nanyamaza, kwa sababu mimi sikupita. Mimi nilisimama, nikamwekea mkono yule aliyelala, nikaomba vizuri sana, nikamwacha bado yuko barabarani. Yakobo mtume anatuuliza katika sura ya 2 ya waraka wake: ndugu yako hana nguo wala chakula, unamwambia aende salama akaote moto na kushiba, na humpi kitu. Inafaa nini? Mpendwa, ukimwambia mama anayetokwa na damu apokee uponyaji wake, na ufunguo wa gari uko mfukoni mwako, inafaa nini?

LAKINI PASTA, IMANI JE?

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Pasta amepoa. Ameanza kuhubiri hospitali." Ndugu yangu, sijapoa. Naamini Mungu anaponya. Nimeona kwa macho yangu. Lakini Paulo, aliyeombea wagonjwa wakapona, alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na katika Wakolosai 4 anamtaja Luka kuwa tabibu, tena tabibu mpendwa wake. Paulo hakumwambia Luka aache kazi ndio aokoke vizuri. Mungu anayesikia maombi ndiye anayewapa madaktari akili. Ukienda hospitali hujatoka mkononi mwake.

Ningekuwa na imani ile usiku, ningesema hivi: Bwana, tunaondoka, shika njia. Nilichokuwa nacho ilikuwa hofu, nikaivalisha nguo za imani.

Kuna mwingine anasema, "Hiyo ni habari ya Kilimambogo. Sisi wa Ruiru tuko karibu na hospitali." Ni kweli, tuna barabara kuu ya Thika tangu Novemba 2012, pana, inapita hapa hapa. Lakini mama hajifungulii kwenye barabara kuu. Anajifungulia kule ndani, mbele ya lami, ambako mvua ikinyesha hata boda anakataa. Au anakaa kwenye ploti ambayo geti hufungwa saa nne na mwenye ufunguo hajulikani amelala wapi. Ambulensi ikija, ploti haina namba, na mtu anaelekeza kwa simu: "Piteni kanisa la bluu, mkiona kinyozi mpinde." Makanisa ya bluu ni matatu! Dakika zinaenda. Efrathi iko karibu, lakini bado hatujafika.

Mwingine anasema ni pesa. Na hapo nakubali. Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma, baadaye ikaja Linda Mama, na sasa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko kwa SHA. Tunashukuru. Lakini tujiambie ukweli: huko nyuma ilikuwa bure ukishafika mlangoni. Saa nane usiku, kutoka kitandani mwako hadi huo mlango, wengi wetu tulijitafutia wenyewe. Hiyo sehemu ndiyo naiweka mbele ya kanisa leo.

KANISA LITAFANYA NINI

Tusiseme haiwezekani. Jirani zetu wa Tanzania wana mpango unaoitwa m-mama. Mama akipata dharura, simu inapigwa bure namba 115. Kuna mtu anayepokea na kutafuta gari. Kama ambulensi haiko karibu, anaitwa dereva wa kawaida wa mtaa huo, ambaye ameandikishwa mapema, na analipwa kwa simu. Ulianza kwenye maeneo machache, na mwaka wa 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kwa nchi nzima. Utafiti wa afya wa taifa lao ulionyesha vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Si kwa sababu ya magari peke yake. Kuna vituo vilivyojengwa, dawa, wahudumu. Lakini zingatia hekima yake: dereva wa Probox alikuwa hapo kijijini siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwita na pesa ya mafuta.

Sasa hapa kanisani tuna magari. Nimesimama pale mlangoni Jumapili tatu nikihesabu, na washirika wakadhani naangalia wanaochelewa. Tuna ndugu wa matatu, tuna wa teksi, tuna wa boda, tuna wauguzi wawili. Wazee wamekubaliana haya, kwa makusanyiko yote mawili:

Kila eneo la kikundi cha nyumbani litakuwa na madereva wasiopungua wawili walioandika majina, ambao simu zao haziwekwi kimya usiku. Orodha itabandikwa mlangoni na kila mama mjamzito atapewa nakala.

Kutakuwa na mfuko wa mafuta. Hauguswi kwa kiti wala spika. Dereva atajaziwa mafuta yake, asiambiwe Mungu atamlipa. Mungu atamlipa, na sisi pia tutamlipa.

Kila mama mjamzito atatembelewa kabla ya mwezi wa saba kuisha, na yeye na mumewe watajibu maswali matano: Utajifungulia wapi? Nani atakupeleka usiku? Nani atabaki na watoto? Umejiandikisha SHA, kwa *147# au kwa wahudumu wa afya ya jamii? Ikihitajika damu, nani wawili watatoa? Usingoje uchungu uanze ndipo uanze kutafuta kitambulisho.

Na madereva wetu hawatajifanya madaktari. Ambulensi ya kweli ni bora kuliko gari langu, ina mhudumu na vifaa. Kwa hivyo kwanza piga simu: 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199. Ikiwa iko karibu, mtu mmoja asimame barabarani na tochi aielekeze. Ikiwa iko mbali, usiingoje ndani ya nyumba. Anza safari, pigia hospitali mnakoenda, waambie mnaleta nani na ana shida gani. Mama anayetokwa na damu asipakiwe boda akiwa peke yake, ataanguka. Mlaze, mfunike apate joto, na mtoto awekwe kwenye titi, maana kunyonya husaidia mji wa mimba kujikaza. Lakini safari isingojee hayo.

Na mkifika, msiogope. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Sema kwa heshima, lakini sema.

NENO KWA WAUME, MAMA WAKWE NA SISI WACHUNGAJI

Mume, toa ruhusa leo. Usiiache kwenye simu ambayo inaweza kuzima chaji. Mwambie mkeo mbele ya mashahidi: likitokea jambo, ondokeni, msinitafute kwanza. Huko si kudharau kichwa cha nyumba. Ndiyo kazi ya kichwa, kuwaza mapema.

Mama mkwe, tunakuheshimu. Ulizaa sita nyumbani na Mungu akakutunza. Lakini usiufanye ushuhuda wako kuwa sheria kwa mkaza mwana wako. Akikuambia kichwa kinamuuma sana na macho yanaona giza, usimwambie ni uvivu. Hizi ni dalili za hatari, na zimeandikwa kwenye kitabu cha kliniki: kutokwa na damu, degedege, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa kali, maji kuvunjika kabla ya uchungu, mtoto kutochezacheza tumboni, uchungu kupita saa kumi na mbili. Ukiona moja, usifanye mkutano.

Na sisi wachungaji na viongozi wa maombi. Ukiitwa usiku na ukute mama yuko hatarini, neno la kwanza kutoka kinywani mwako liwe, "Twende." Ukishasema hilo, omba mpaka mfike. Wakiona Pasta ameshika mlango wa gari, hakuna mzee wa boma atakayebishana. Mungu ametupa mamlaka katika nyumba za watu. Tuyatumie kufungua mlango.

HADI BETHLEHEMU

Ule mji Raheli hakufika, Efrathi, mstari wa 19 unatuambia ndio Bethlehemu. Miaka mingi baadaye binti mwingine alikuja kwa barabara za nchi ile akiwa na mimba, safari ndefu kutoka Nazareti, mumewe kando yake. Mariamu alifika. Pahali hapakuwa pazuri, mtoto alilazwa horini, lakini mama alifika, akajifungua, akaishi kumlea. Mwokozi wetu alizaliwa mwisho wa ile barabara ambayo Raheli hakuimaliza. Mimi siwezi kusoma hivyo na kusema Mungu hajali mama anafika ama hafiki.

Yule mtoto wa Shosho anaendelea vizuri. Ni mrefu, anapenda mpira, ana macho ya mama yake. Kila nikimwona ananisalimia, "Pasta," na mimi namshika kichwa na kumwombea. Siwezi kumrudishia mama. Bwana amenisamehe, na Shosho amenisamehe, kwa njia yake ya chai. Lakini kusamehewa si ruhusa ya kusahau. Yakobo alisimamisha nguzo kando ya barabara. Nguzo yangu nataka iwe ile orodha ya madereva pale mlangoni.

Sasa simama tuombe. Na kabla hatujafumba macho, kama una gari, toa ufunguo uushike mkononi. Wa boda pia. Kama huna gari, shika simu yako, maana kuna mtu wa kupiga na mtu wa kuamka.

Baba, katika jina la Yesu, tunakuja na vitu hivi vya chuma na plastiki, ni vyako. Utusamehe pale tulipoongea nawe muda mrefu ili tusiondoke. Wabariki akina mama wote wenye mimba katika makusanyiko yetu, majina yao unayajua. Uwape miezi ya amani na uchungu wa kawaida. Na siku ikiwa ngumu, utupe masikio ya kusikia simu, miguu ya haraka, barabara iliyokauka, na wahudumu walio macho. Uwafariji waliobaki na watoto bila mama. Tukumbushe, Bwana, kabla ya usiku kufika. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI WIKI HII

1. Someni Mwanzo 35:16-20 na Luka 10:33-35. Kati ya kuamua, kufika na kuhudumiwa, ni kipi kigumu zaidi hapa mtaani kwetu? Toeni mfano, bila kutaja majina ya watu.

2. Je, kuna wakati umetumia maombi ili usifanye jambo ambalo lilikuwa mkononi mwako? Atakayependa kusema aseme. Asilazimishwe mtu.

3. Kazi: kabla ya Jumatano, kikundi kiandike majina ya madereva wawili na simu zao, na kijue nani anashika ufunguo wa kila geti la ploti wanamoishi akina mama wajawazito. Mpeni mzee wa eneo. Tutaisoma orodha Jumapili.